Jiko gani linafaa nyumbani kwako? Mwongozo kamili kwa sisi wa Tabora

Swali ni lilelile kila wiki, sura tu ndo inabadilika. Huyu kanunua jiko la mkaa la udongo, limepasuka siku ya tatu. Yule kajengewa jiko la kuni lenye bomba na moshi wote unamrudia usoni. Mwingine ana mtungi wa gesi umekaa kwenye kona, kaufunika kitambaa na juu yake kaweka redio. Nikiuliza ulichaguaje, jibu ni moja: nililiona nikalipenda.

Sa ngoja niandike mara moja, watu wakiniuliza niwaelekeze hapa. Jiko halichaguliwi kwa macho. Linachaguliwa na sufuria yako kubwa kuliko zote pamoja na kile chakula chako kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote. Na kama umekuja unatafuta jiko la kuota moto, lile la kujengewa ukutani sebuleni kama nyumba za Makete na Njombe, mi nakushauri hela hiyo kapigie plasta. Baridi yetu ni ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba tu, blanketi inaimudu.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu.
- Mizani ya kuning'iniza. Huna? Tumia kisado kimoja, hichohicho wiki nzima, usibadilishe.
- Tepu ya fundi.
- Sufuria zako zote, hata ile ya shughuli iliyoko juu ya kabati.
- Udi au kipande cha gazeti cha kutoa moshi.
- Sabuni ya unga na sponji, hii ni kwa watakaoangukia kwenye gesi.
- Siku saba. Hapa ndo wengi wanakata tamaa, wanataka jiko leo.

## Hatua ya 1: Pima unachounguza sasa hivi

Asubuhi pima mkaa au kuni, weka pembeni, siku hiyo usichote kwingine. Usiku pima kilichobaki, andika tofauti, andika na watu wangapi walikula. Fanya hivyo siku saba.

Kwanini? Kwa sababu mkaa tunanunua kwa kopo, kwa debe na kwa gunia la lumbesa, na gunia la huyu sio gunia la yule, kwaiyo hakuna mtu anayejua kwake unaenda kiasi gani. Mtu anakuambia gesi ni ghali wakati hajawahi kujumlisha vikopo vya mwezi mzima. Chukua wastani wa siku, zidisha mara 30, weka bei unayonunulia wewe. Hiyo ndo namba utakayoshindanisha na gesi au na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Onyo: usipime wiki ya msiba, ya sherehe, wala ile wageni wamekuja kwa treni wakajaza nyumba. Na kuni mbichi zitakudanganya, maana sehemu kubwa ya moto inaenda kukausha maji yaliyomo kwenye mti kabla haijafika kwenye sufuria.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa pumzi moja: kwangu watu sita, mkaa kilo mbili na nusu kwa siku, mwezi shilingi kadhaa.

## Hatua ya 2: Andika unapika nini na kwa muda gani

Kwenye daftari hilohilo andika kila kilichopanda jikoni, saa kilipopanda na saa kiliposhuka. Mwisho wa wiki zungushia duara vyote vilivyozidi saa moja.

Mi nilipofanya hivi nilishangaa. Siku zote nilikuwa nalaumu ugali, kumbe ugali ni dakika chache tu, walaji wa mkaa walikuwa maharage na maji ya kuoga. Kabla sijanunua chochote nikaanza kuloweka maharage usiku na kufunika sufuria muda wote, na mkaa ukashuka bila kutoa hata mia. Fanya hilo kwanza. Kuna watu watagundua hawahitaji jiko jipya kabisa.

Sasa chukua tepu, pima kitako cha sufuria unayotumia kila siku na cha ile kubwa kuliko zote. Ukienda kununua, sufuria mojawapo uibebe, usione aibu.

Alafu kuna jambo la ugali ambalo wauzaji hawalisemi. Kusonga ni kusukuma. Ugali wa watu wanane unasukuma sufuria kushoto kulia kwa nguvu za mkono mzima, na jiko lolote linaloyumba litakuangukia. Ile bana, yaani kichomeo, inayofungwa juu kabisa ya mtungi wa gesi wa kilo 6 ni ya chai, mayai, mboga, uji wa mtoto. Ukisongea ugali mkubwa pale juu unacheza na maji ya moto na gesi kwa mpigo. Na hapo ndo utaona kwanini ile mitungi ya ruzuku ilipokuja mingi imeishia kuwa stuli, watu walipewa jiko la chai na wao shida yao ilikuwa ugali na maharage.

Umefaulu kama una majina mawili: sufuria yako kubwa, na chakula chako kirefu.

## Hatua ya 3: Kagua mahali litakapokaa

Simama pale unapopikia. Washa udi, ushike usawa wa kiuno, angalia moshi unaelekea wapi. Rudia mlango ukiwa wazi, rudia ukiwa umefungwa. Fanya mchana na jioni, kiangazi upepo wetu unageuka geuka.

Moshi ukizunguka tu haujui pa kutokea, basi mahali hapo mkaa na kuni visiingie mpaka utoboe dirisha au upeleke jiko nje. Na hili naliandika kwa uzito wake: mkaa uliokolea vizuri, ule mwekundu usiotoa moshi hata kidogo, bado unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na mtu akishalala haamki. Kila msimu wa baridi kuna mtu atabeba jiko la mkaa aliingize chumbani apate joto. Usilale nalo, hata dirisha likiwa wazi.

Mengine ya kuangalia hapo hapo:

Paa la nyasi? Sahau bomba la moshi kupita humo, cheche moja tu. Jenga jiko kwenye banda la nje lenye bati.

Umepanga? Usijenge jiko la matofali kwenye nyumba ya mtu, siku ya kuhama hulibebi. Chukua linalohamishika.

Umeme upo? Angalia soketi. Jiko la umeme linavuta sana, halichomekwi kwenye ekstensheni nyembamba inayogawana na friji na pasi. Soketi ikiwa ya moto ukiigusa, mwite fundi kabla ya jiko.

## Hatua ya 4: Oanisha

Hapa ndo kuchagua kwenyewe. Nitasema bila kuuma maneno.

Mafiga matatu. Joto jingi linaenda pembeni, sufuria inapata kidogo. Uzuri wake ni mmoja, yanabeba sufuria ya ukubwa wowote na hayayumbi. Yaache nje kwa ajili ya shughuli, ya kila siku hapana.

Jiko la mkaa la bati tupu. Rahisi kununua, ghali kuishi nalo. Bati linatoa joto mbavuni, ndo maana miguu yako inaungua ukikaa karibu. Lile joto la miguu ni hela yako.

Jiko la mkaa lenye udongo ndani. Kama unabaki kwenye mkaa, chukua hili. Udongo unazuia joto lisitoroke, na mkaa ukiufungia mlango wa chini unadumu, maharage yanaiva taratibu. Linamfaa mpangaji mwenye kibaraza.

Jiko la kuni la matofali lenye bomba. Kwa mwenye nyumba yake, familia kubwa, kuni anazo. Maeneo ya Uyui na Sikonge, na hata pembezoni mwa mji, kwa wengi hili ndo jibu, ila lijengwe sawasawa. Kumbuka kuni ukizichoma kama kuni unapata moto mwingi kuliko zikipitia kwenye tanuri: kwa tanuri letu la udongo kilo moja ya mkaa inakula kilo tano mpaka kumi za mti. Miombo yetu inaishia humo.

Jiko la pumba au maranda. Kopo unalishindilia maranda na chupa katikati, ukichomoa chupa unapata tundu la moto. Kwa anayekaa karibu na mafundi wa mbao za mninga au mashine ya mpunga ni moto wa bei ya bure. Lina moshi wakati wa kuwasha, na ukishaliwasha huliongezi, kwaiyo ni la chakula kimoja kirefu. Usitie maranda ya plaiwudi wala mbao zilizopakwa rangi, gundi na rangi zinatoa moshi wa sumu.

Gesi. Kwa vitu vya haraka haina mpinzani. Familia ndogo inaweza kuishi nayo peke yake. Familia kubwa inayochemsha maharage kila siku itaumia na mtungi wa kilo 6, angalau uwe wa kilo 15 na jiko la sahani mbili la kukaa mezani.

Presha kuka ya umeme. Najua mtacheka, umeme! Lakini maharage yaliyokwisha kulowekwa, humo yanaiva bila kumaliza hata yuniti moja, kwa sababu limefungwa pande zote na likishapata presha linajizima na kujiwasha lenyewe. Linganisha na koili ya kawaida iliyo wazi, ile ndo inayokula LUKU. Ubaya wake umeme ukikatika umekaa, na ugali haulihusu.

Jiko la mchina la mafuta ya taa silijadili, harufu yake inaingia mpaka kwenye wali.

Umeona sasa, nyumba nyingi jibu sio jiko moja. Kwangu ni mawili: gesi kwa asubuhi na mboga, la kuni nje kwa maharage, ugali na maji. Serikali nayo ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko, na mi naona njia ya kufika sio kutupa jiko la zamani siku moja, ni kuhamisha chakula kimoja kimoja.

Umefaulu kama kila chakula ulichozungushia duara kina jiko lake.

## Hatua ya 5: Ukienda sokoni kununua la mkaa

Lipige kwa kucha au shilingi. Likilia kama kikombe, ni zima. Likisema dup, kuna ufa hata kama huuoni.

Lowesha kidole, sugua udongo wa ndani. Ukiona tope kwenye kidole, halikuchomwa likaiva, limekaushwa jua tu likapakwa rangi. Hayo ndo yanayopasuka siku ya tatu, wala sio bahati mbaya.

Litikise. Kukiwa na mchakacho kati ya bati na udongo, udongo haukushikwa vizuri. Fungua na ufunge mlango wa hewa, usipofunga vizuri huwezi kupunguza moto na hapo umepoteza nusu ya faida. Chungulia matundu ya kichanja, yapenye kidole kidogo. Madogo zaidi jivu litaziba, makubwa zaidi mkaa mzima mzima utadondoka. Alafu weka sufuria yako juu, usukume kama unasonga. Muuzaji akinuna, muache anune.

Siku ya kwanza usijaze mkaa. Vipande vichache, moto mdogo, saa moja au mbili, uache upoe wenyewe. Rudia siku mbili. Udongo una unyevu ndani, ukiushtua na moto mkali unyevu unageuka mvuke na kuupasua. Na usizime kwa maji, kamwe! Watu wananunua jiko jipya wakati la zamani wameliua wenyewe kwa kikombe cha maji.

## Hatua ya 6: Ukijenga la kuni lenye bomba

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kilio.

Udongo. Wa kichuguu ndo wenyewe, unashikana. Lakini peke yake unapasuka ukikauka, unahitaji mchanga. Kiasi gani? Kila kichuguu na tabia yake, kwaiyo tengeneza vitofali vidogo vitatu: udongo moja kwa mchanga moja, moja kwa mbili, moja kwa tatu. Kausha kivulini wiki. Kisichopasuka na kisichomeguka ukikiminya ndo mchanganyiko wako. Saruji usitie kwenye njia ya moto, inachanika kwa joto.

Mdomo. Kosa namba moja. Fundi anaacha mdomo mkubwa ili magogo yaingie, hewa baridi inaingia kwa fujo, bomba linapoa, moshi unakosa nguvu ya kupanda, unarudi kwako. Mdomo uwe sentimita 12 kwa 12. Ndiyo, ni mdogo. Kuni unazipasua. Ndani weka kichanja cha nondo nyembamba, kuni zikae juu na hewa ipite chini yake, kuni zikilala sakafuni zinazimika zimika.

Kina. Kutoka kwenye kichanja mpaka kitako cha sufuria ya kwanza acha sentimita 25 hivi, moto upate nafasi ya kumaliza kuungua. Sufuria ikikaa chini mno ni masizi tu. Kuzunguka chumba cha moto jaza majivu makavu kati ya tofali na ukuta wa nje. Watu wanapenda kujaza udongo mnene wakidhani unatunza joto, kumbe unalinyonya, unapika ukuta kwanza ndo upike chakula.

Tundu la pili. Moto ukitoka sufuria ya kwanza upite chini ya ya pili kwenye nafasi ya unene wa kidole gumba, sentimita 2 hivi. Ikizidi, joto linakimbilia bombani. Ikipungua, moto unakabwa na moshi unarudi. Sufuria zizame kwenye matundu yake zikae bila kuacha upenyo, na kama hupiki mbili, tundu la pili liwe na mfuniko.

Bomba. Kosa namba mbili, na hili linatokana na ubahili wa bati. Kwa mdomo niliousema chukua bomba la inchi 5. Kipande cha mwanzo karibu na moto kijenge kwa tofali, kwa sababu bati la zinki likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kwa mapafu. Bomba likitoboa paa lipande sentimita 90 juu ya pale lilipotokea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilichoko ndani ya mita 3, iwe mgongo wa paa au mwembe wa jirani. Likiishia usawa wa bati, upepo ukigonga paa unausukuma moshi chini. Lisikaribie mbao za kenchi, acha sentimita 45. Juu weka kofia ya mvua lakini uinyanyue, usiibane.

Nilijengewa la kwanza na fundi mmoja wa jirani, bomba kalikata futi moja juu ya bati eti litapendeza. Mwezi mzima nilipika nalia kama nimefiwa. Kuongeza kipande kimoja tu cha bomba ndo ikawa dawa.

Kukausha. Wiki mbili mpaka tatu kiangazi. Ukijenga mvua zimeshaanza, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, subiri zaidi. Alafu moto mdogo wa vijiti siku tatu nne kabla ya kupandisha sufuria ya maharage.

Jaribio. Washa, subiri dakika tano, sogeza karatasi inayowaka mdomoni pa jiko. Mwali ukiinamia ndani, umefaulu. Ukisimama wima au ukakuinamia wewe, kuna mahali pamekabwa: anza kukagua ile nafasi ya kidole gumba, alafu urefu wa bomba, alafu kama mdomo unatazamana na mlango wenye upepo.

## Hatua ya 7: Ukichukua gesi

Pachika regyuleta kwenye mtungi, fungua valvu, bana ikiwa imezimwa. Paka povu la sabuni kwenye maungio na mpira wote. Povu likitoa mapovu yanayokua, inavuja, funga valvu. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kwaiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango uwe na upenyo chini. Ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa, hata swichi ina cheche, fungua milango, toa mtungi nje kama inawezekana. Mtungi usimame wima siku zote, jiko liwe juu ya meza ya kusimama imara. Mpira ukianza kukakamaa au kuchanika, badilisha.

## Hatua ya 8: Pima tena

Baada ya mwezi rudia ile wiki ya daftari, watu walewale, vyakula vilevile. Namba ikiwa haijashuka, kabla hujalaumu jiko angalia haya: kuni zimepasuliwa na kukaa chini ya paa miezi kadhaa? Sufuria inafunikwa? Mlango wa hewa unafungwa chakula kikishachemka? Jivu linatolewa kila asubuhi?

La kuni litolewe masizi kwenye bomba kila mwezi, funga gunia kwenye kamba ulipitishe juu mpaka chini. Vaa nguo za kazi, mi nilikosea siku moja nikaenda hivyohivyo na kanzu.